Fildi bila mizania ni matembezi: kwa wanafunzi wa uhandisi wa kemikali wa Nyanda za Juu Kusini

Ukimuuliza mwanafunzi wa uhandisi wa kemikali wa nyumbani anakosa nini, atakutajia maabara, mashine na leseni za programu. Nikiwa Uingereza, kwenye kazi hii hii, naona pengo kubwa liko kwingine. Mwanafunzi wa huku anahitimu akiwa na ushahidi wa kazi aliyoifanya: hesabu alizozifunga, tathmini ya hatari aliyoiandika, jina la mhandisi anayeweza kuithibitisha. Nyumbani wengi wanahitimu na daftari la fildi lenye muhuri wa kila Ijumaa, na ndani yake maneno kama "leo tulitembelea kitengo cha boila". Muhuri upo, uhandisi haupo.

Hilo linaniuma zaidi kwa vijana wa Mbeya, Iringa na Njombe, maana kwao viwanda vimepangwa karibu kama mtaala. Mgololo, Mufindi, paini ya Sao Hill inapikwa kwa kostiki soda na salfaidi ya sodiamu. Maji meusi yanayobaki yanakolezwa na kuchomwa ndani ya boila, kemikali zinarudi na mvuke unapatikana. Mafinga, maua makavu ya pareto yanakamuliwa sumu yake kwa heksani. Kibena, Njombe, magome ya miwati yanatoa tanini. Iringa kuna maziwa, Songwe kuna saruji, Chunya kuna dhahabu inayoyeyushwa kwa sayanidi, na Rungwe kaboni dayoksaidi inatoka ardhini yenyewe, inasafishwa na kugandamizwa hadi iwe kimiminika. Mwanafunzi wa London hana utajiri huo karibu na nyumbani kwao. Na hata akipelekwa kiwandani, mara nyingi anaishia chumba cha udhibiti, nyuma ya kioo, kwa sababu za bima na usalama. Kwetu mwanafunzi bado anaruhusiwa kusimama karibu na mtambo na kumuuliza fundi. Hiyo ni faida halisi, na tunaipoteza kwa kuingia getini mikono mitupu.

Kijana wa Mbeya anayesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hurudi kwao kwa fildi kwa sababu ya kawaida kabisa: ana pa kulala. Sawa. Lakini kabla ya kupanda basi, achague kitengo kimoja cha kiwanda na ajiwekee lengo la kufunga mizania ya masi na ya nishati ya kitengo hicho kabla fildi haijaisha, yaani aonyeshe kwa hesabu kwamba kila kilo na kila joto lililoingia limejulikana lilikoishia. Kimoja tu. Wanaozunguka idara saba kwa wiki nane hutoka na picha za simu.

Chukua mtambo wa kupashia maziwa, ambao hata kiwanda kidogo kinao. Maziwa yanaingia kwenye sahani za kubadilishana joto yakiwa na nyuzi 4, yanapanda hadi 72, yanakaa hapo sekunde 15, kisha yanarudi kupita upande wa pili wa sahani na kuwapa joto wenzao wanaoingia. Tuseme mtiririko ni lita 2,000 kwa saa. Kwa msongamano wa 1.03 hizo ni kilo 2,060. Joto mahususi la maziwa ni kama kilojuli 3.9 kwa kilo kwa nyuzi. Tofauti ya joto ni nyuzi 68. Zidisha, gawa kwa 3,600, unapata kama kilowati 152. Hiyo ndiyo nishati ambayo kiwanda kingelipia kama joto lisingerudishwa. Sasa soma kipimajoto kilichopo baada ya sehemu ya kurudisha joto. Kikionyesha 62, maziwa yamepanda nyuzi 58 kati ya 68 bila mvuke wowote, yaani asilimia 85. Kilichobaki kwa boila ni kama kilowati 22.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Chukua usomaji huo kila nusu saa, tangu mtambo unapowashwa hadi unapooshwa. Asilimia hiyo ikiteremka kutoka 85 kuelekea 75 kadiri saa zinavyokwenda, sahani zinashika ukoko wa protini na madini, na sasa unaweza kumwambia meneja kwa kilowati kuchelewa kuosha kunamgharimu nini. Ikiwa iko chini tangu asubuhi, ukoko wa leo hauhusiki: angalia kama uoshaji wa jana ulikamilika, kama dawa ya kuoshea ilikuwa na nguvu na joto la kutosha, au kama sahani zilirudishwa kwa mpangilio mbaya baada ya matengenezo. Mizania isipofunga kwa zaidi ya asilimia 5 hivi, usiilazimishe. Andika tofauti ilivyo, kisha itafute: mita ya mtiririko haijakaguliwa, kipimajoto hakijazama vizuri bombani, au kuna mvuke unaopotea kwenye mtego mbovu. Mwanafunzi anayebadilisha namba ili jibu litoke zuri amejinyima somo lenyewe.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya huku havilitilii mkazo, kwa kuwa viliandikwa na watu wa pwani na mabonde. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapo ni kama kilopaskali 82.5 badala ya 101.3, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Geji ya kawaida inapima tofauti kati ya ndani ya chombo na hewa ya nje. Kwa hiyo mtambo wa kukoleza tanini au kingine chochote ukisoma "ombwe la kilopaskali 60", mwanafunzi aliyezoea Dar es Salaam atatoa 60 kwenye 101, apate 41, aseme kimiminika kinachemka karibu nyuzi 77. Ukweli wa Mbeya ni 22.5, na maji yanachemka karibu 63. Nyuzi 14 zimepotea kwenye karatasi, na eneo lote la kubadilishia joto alilolikokotoa ni batili. Pampu nazo zinaathirika: mwinuko huo unapunguza kama mita 1.9 za kichwa cha kuvutia, yaani msukumo wa hewa unaoingiza maji kwenye pampu ukipimwa kwa mita za maji, kwa hiyo pampu ya maji ya moto iliyochaguliwa kwa jedwali la usawa wa bahari inaweza kuanza kulia kama inatafuna changarawe, na baada ya muda feni yake inaliwa vishimo. Fika siku ya kwanza na kanieneo ya mji wako imeandikwa kwenye jalada la daftari.

Usalama ndio eneo ambalo huku wametuzidi kweli, na sitaki kulipamba. Hapa mwanafunzi anafundishwa mapema mlipuko wa kiwanda cha kemikali cha Flixborough, Uingereza, wa 1974: bomba la muda la inchi 20 liliwekwa kukwepa tangi bovu bila usanifu wa kihandisi uliokamilika, likapasuka, na watu 28 wakafa. Somo ni kwamba kiraka cha muda nacho kinahitaji hesabu na sahihi. Marekani, mlipuko wa kiwanda cha kemikali cha T2 Laboratories wa Desemba 2007 uliua watu 4 baada ya upozaji wa mtambo wa sodiamu kushindwa, na wachunguzi wa serikali wakapendekeza hatari za kemikali zinazojipasha moto ziingizwe kwenye masomo ya shahada. Video na ripoti za bodi hiyo ya uchunguzi, CSB, ziko wazi mtandaoni bila malipo. Tazameni moja kila wiki mkiwa watu watano, sitisheni katikati, kila mmoja aandike anadhani kizuizi gani kitashindwa, kisha endeleeni.

Halafu ifanyeni kwa viwanda vya kwetu. Sayanidi ya Chunya: kwa nini chokaa inawekwa kabla ya sayanidi, na kwa nini pH inashikiliwa 10.5 au zaidi? Kwa sababu ikishuka hadi karibu 9.2, nusu ya sayanidi iliyoyeyuka imeshakuwa asidi inayoruka hewani kama gesi ya kuua. Basi kipima pH hakitoshi kuwepo, lazima kilinganishwe na maji ya kipimo, na mtu ajue kilinganishwe lini. Heksani ya pareto inashika moto ikiwa asilimia 1.1 tu ya hewa, na mvuke wake ni mzito, unatambaa sakafuni hadi kwenye cheche. Kaboni dayoksaidi ya Rungwe nayo ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, inajaa kwenye mashimo na mahandaki. Asilimia 4 inatosha kuhesabiwa hatari ya haraka kwa uhai. Anayeingia fildi huku akijua namba hizi anauliza maswali ambayo msimamizi anayaheshimu.

Nikija kwenye vyama vya wanafunzi, mfano ninaoupenda ni shindano la magari la chama cha wahandisi wa kemikali cha Marekani, AIChE, lililoanza ngazi ya taifa mwaka 1999. Gari dogo la ukubwa wa boksi la viatu linaendeshwa kwa mmenyuko wa kemikali, bila breki. Timu inaambiwa umbali na mzigo wa maji muda mfupi kabla, na gari linatakiwa kusimama mstarini. Lisilopita ukaguzi wa usalama halishindani.

Hili linawezekana Mbeya bila kusubiri mfadhili. Kwa kulisimamisha gari, tumieni saa ya ayodini: vidonge vya vitamini C, ayodini ya dukani, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na wanga uliochemshwa. Mchanganyiko unabaki angavu hadi vitamini C iishe, kisha unageuka bluu nzito ghafla. Taa ndogo upande mmoja na kihisi mwanga upande wa pili vinakata umeme wa mota. Chagueni ujazo tano tofauti wa vitamini C, kila mmoja rudieni mara tatu, chorani mstari wa ujazo dhidi ya sekunde. Litakaloharibika kwanza ni joto. Kasi ya mmenyuko wa aina hii inaweza kukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10, na asubuhi ya Julai jijini Mbeya si sawa na saa nane mchana, kwa hiyo chupa zote zikae kwenye ndoo moja ya maji yenye kipimajoto. La pili ni vitamini C iliyoachwa usiku kucha: inaungana na oksijeni na saa inakimbia. La tatu ni mwanga wa dirishani kuingia kwenye kihisi. Funikeni kwa karatasi nyeusi. Timu ikimaliza hapo imegusa kinetiki (kasi za mimenyuko), upimaji, makosa ya takwimu na usalama, mambo ambayo darasani yanachukua muhula.

Kuhusu programu: DWSIM, ya kuigiza mitambo ya kemikali kwenye kompyuta, ni ya bure na inakubali kompyuta za kawaida. Kosa linalojirudia ni kuchagua modeli ya thermodinamiki bila kufikiri. Ethanoli na maji vikipewa modeli ya myeyusho kamilifu, inayochukulia kwamba molekuli zote zinavutana sawa, mnara wa kukenekea wa kwenye skrini utatoa ethanoli safi kabisa. Tumia NRTL, modeli inayohesabu tofauti za mvutano huo, na utaona ukuta wa asilimia 95.6 kwa uzito, ambao ukenekaji wa kawaida hauuvuki.

Ushahidi huu wote una pa kwenda. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa mafunzo kwa wahitimu, SEAP, wa miaka mitatu, ambao mwisho wake ni kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Aliyezoea tangu fildi kuandika tatizo, hesabu, uamuzi na matokeo hatahangaika kujaza ripoti zake.

Na barua za kuomba nafasi zianze mapema. Huku wanafunzi wanaomba karibu mwaka mzima kabla; kwetu barua hufika getini wiki mbili kabla, zikiwa na sentensi moja inayofanana kwa wote. Andika Januari kwa ajili ya Julai, umwelekeze mhandisi wa uzalishaji, taja kitengo unachotaka kukifanyia mizania na vipimo vitatu utakavyoomba kusoma. Nenda na buti zako, miwani yako na kipimajoto chako. Ukimaliza, mwachie meneja kurasa mbili zenye mchoro, namba na pendekezo moja lenye gharama, na nakala mpe mwalimu wako, ili mdogo wako wa mwaka unaofuata aanzie pale ulipoishia wewe.