Kupaka kalipa rangi nyekundu hakusimamishi gari

Kila nikipita mahali vijana wa Subaru wanapoegesha hapa Nairobi, naona kalipa nyekundu, yaani kile kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski ya gurudumu. Nyingine zimevishwa kava la plastiki lenye jina la Brembo, kampuni ya breki za magari ya kasi, na ukichungulia nyuma yake unakuta kalipa ileile ya pistoni moja. Urembo sina ugomvi nao. Ninayegombana naye ni mtu aliyepandisha presha ya tabo, akaweka ekzosi ya kuamsha mtaa, halafu mafuta ya breki ni yale yaliyokuja na gari kutoka Japani.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nashusha Forester ya tabo mteremko wa Mai Mahiu, ile barabara ya zamani iliyojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano, waliotuachia na kile kikanisa chao cha 1942. Nilikuwa nimekimbia kuliko ilivyofaa. Katikati ya mteremko pedeli ikawa kama sponji. Nikaipampu, ikapanda kidogo, ikazama tena, na mbele yangu lori. Nikaangusha gia, nikajitoa pembeni, moshi unafuka kwenye magurudumu ya mbele. Kikanisa kilikuwa karibu, lakini maombi nilikuwa nimeshamaliza.

Niliazimia kununua kalipa kubwa siku iyo hiyo. Fundi akavuta mafuta kwa bomba la sindano, akanionyesha: meusi kama strungi. "Kaka, anza na haya," akasema.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Madaraja yake huandikwa DOT: DOT 3 mpya huhimili nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishaingia maji, kiwango chake ni 140. DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika, kwa hiyo mguu wako unabana povu badala ya pedi. Sisi tunaruhusiwa kuagiza gari la hadi miaka minane. Nani anajua mafuta yake yalibadilishwa lini?

Na joto lenyewe halipandi kidogokidogo. Gari la kilomita 160 kwa saa lina nishati mara nne ya lile la 80, na sehemu kubwa ya nishati hiyo inaishia kwenye diski mbili za mbele.

Ndiyo maana mimi naweka mafuta na pedi kwanza, kisha tairi. Kama breki zako za sasa zinaweza kubana gurudumu hadi ABS, mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge, itetemeshe mguu, basi kwenye breki ya kwanza kalipa kubwa haikuongezei kitu. Hapo kazi ni ya tairi na lami. Faida ya kalipa kubwa utaiona breki ya kumi, diski ndogo ikiwa imeshachoka kwa joto. Pedi nazo msidanganywe: zile za mashindano zikiwa baridi haziumi vizuri, na asubuhi ya Thika Road hazitakuwa zimepata moto.

Ukishafika huko, sawa, nunua kalipa. Zile za Subaru WRX za pistoni nne hukaa kwenye Forester bila kuchonga chochote, mradi uchukue na diski zake za milimita 294. Brembo za STI, ile WRX kali zaidi, zina diski ya 326, hapo unahitaji rimu za inchi 17. Ila ukikuza za mbele tu na kusahau nyuma, pua itazama na magurudumu ya nyuma yatabaki watalii. Diski za matundu nimezikataa kabisa. Zikipigwa moto mara nyingi hupasuka kuanzia kwenye tundu.

Mimi mwishowe nilipata za pistoni nne, mtumba, zimepauka na zina mikwaruzo. Dogo wa jirani kila wiki ananiuliza nitazipaka rangi lini.