Kikapu cha Wafilipino si cha kuazima

Dubai nimeishi miaka minne kwenye chumba cha vitanda sita, na wenzangu watatu walikuwa Wafilipino. Mkubwa wao tulimwita Kuya, maana yake kaka. Majira ya baridi, saa kumi na nusu alfajiri, mwanga wa simu ulikuwa unawaka kitandani kwake. Kule Manila ni saa mbili na nusu asubuhi, Marekani bado ni usiku na mechi ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ndiyo inaanza. Wanakaa watatu ukingoni mwa godoro, kichwa kwa kichwa. Mpira ukiingia kapuni, Kuya anajipiga paja kimyakimya, sisi wa zamu ya usiku tusiamke. Baada ya hapo wanaoga, wanawahi basi la kazini.

Wabongo wenzangu walikuwa wakiwacheka. "Watu wafupi hawa, kikapu wanakitakia nini? Wanawaiga Wamarekani tu." Kauli hiyo iliniudhi tangu siku ya kwanza, na hadi leo inaniudhi.

Kweli kikapu waliletewa na Wamarekani, enzi za ukoloni, kupitia shule na YMCA. Lakini NBA yenyewe imezaliwa 1946. Miaka kumi kabla ya hapo, Ufilipino ilishashika nafasi ya tano kwenye Olimpiki ya Berlin, na mwaka 1954 ikarudi na shaba kutoka mashindano ya dunia kule Rio de Janeiro. Mwaka 1975 wakaanzisha PBA, ligi ya kwanza ya kulipwa barani Asia. Watu wenye historia hiyo wanamwiga nani? Sisi soka tuliletewa na wakoloni, na kila wikiendi tunajazana vibanda umiza kuzitazama timu za Uingereza. Mbona hatujawahi kuambiwa Simba na Yanga si zetu?

Kuya alinionyesha picha za kwao. Kapu limepigiliwa kwenye mnazi, ubao ni mbao chakavu, watoto wanaruka na kandambili. Karibu kila mtaa, wao wanasema barangay, una uwanja wake wa kikapu, na wenye bahati wameuezeka. Hapohapo hufanyika harusi, hapohapo hulazwa maiti ya kuagwa, na kimbunga kikija hapo ndipo watu wanapokimbilia na magodoro yao. Kobe Bryant, nyota wa NBA, alipofariki Januari 2020, wakazi wa jengo moja la makazi kule Taguig walimwona sakafuni pa uwanja wao, yeye na binti yake Gianna, wamechorwa wakubwa kiasi kwamba ukiwa ghorofani ndiyo unawaona vizuri. Mimi hapo naona msiba wa nyumbani.

Kinachoniuma ni kwamba mapenzi yote haya bado yanasubiri malipo: kijana aliyekulia kwao kucheza NBA. Kai Sotto, kijana wa kwao mwenye zaidi ya futi saba, alijiandikisha mwaka 2022 kwenye drafti, siku ambayo timu za NBA huchagua wachezaji wapya. Majina yakasomwa hadi mwisho, lake halimo. Jordan Clarkson, mchezaji wa NBA, wanampenda kwa sababu damu ya upande wa mama yake ni yao, japo amezaliwa na kukulia Marekani.

Tarehe 25 Agosti 2023 Clarkson huyo aliivaa jezi ya Ufilipino kwenye Kombe la Dunia la kikapu, huko huko Ufilipino. Watu 38,115 waliingia uwanjani, rekodi ya mashindano hayo. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni kwa Dubai, chumba kimejaa hadi mlangoni. Clarkson akafunga pointi 28, kisha akatolewa kwa faulo mechi ikiwa haijaisha. Jamhuri ya Dominika ikashinda 87 kwa 81. Hakuna aliyetukana. Kuya alivua jezi yake, akaifua kwa mkono, akaianika kwenye chuma cha kitanda.

"Jumapili tunacheza na Angola," akaniambia. "Hao ni Waafrika wenzako. Utashangilia nani?"

Nilimwomba jezi ya pili.