Mkahawa wa chai

Kwetu Dodoma mtu akikuuliza "umeshakunywa chai?" hana haja ya kujua kikombe kilikuwa na nini. Hata kama ulikuwa uji wa uwele, umekunywa chai. Hoteli ya mtaani tunaiita mkahawa, jina limetoka kwenye kahawa kabisa, lakini tukiingia tunaagiza chai ya maziwa na chapati mbili.

Huu ni mwaka wangu wa nne Kunming, mkoa wa Yunnan, China. Hawa nao ni watu wa chai, tena kutuzidi. Kusini mwa mkoa kuna mji ulioitwa Simao hadi 2007, wakaubadilisha jina ukawa Pu'er ili ufanane na chai yake. Nilichokuwa sikijui ni kwamba vilima vya huko vimejaa mibuni pia, na kwamba karibu kahawa yote inayolimwa China hutoka Yunnan.

Nilikwenda Januari, msimu wa kuchuma. Mkulima aliyetupokea alitukalisha barazani, kahawa imeanikwa mpaka karibu na miguu yetu, halafu akatumiminia chai. Vikombe vidogo kama vya muuza kahawa wa mtaa wa Majengo, kwetu Dodoma. Ukimaliza anajaza, ukimaliza anajaza. Kahawa je? Akacheka. Nestlé ilianza kuhamasisha kilimo hicho Yunnan mwishoni mwa miaka ya 1980, na yeye alipanda kwa sababu mnunuzi yupo. Mbegu yake ni Catimor, inayostahimili ugonjwa wa kutu ya majani. Miaka na miaka aliuza bila kuonja, bei ikifuata soko la New York, mji asioujua hata kwa picha. Mwaka bei ilipoanguka aling'oa nusu ya shamba.

Hapo nilimwelewa bila mkalimani. Mimi ni mtoto wa zabibu, shamba letu liko Hombolo. Nakumbuka msimu mmoja mnunuzi aliahidi kuja, hakuja. Tulikula zabibu tukachoka, tukagawa kwa majirani, zilizobaki zikaozea mzabibuni, nyuki wakawa wengi kuliko sisi. Zao ambalo jirani yako hanywi ni zao la kuombea.

Kilichobadilika Yunnan ni mnywaji. Vijana wa mijini wameanza kunywa kahawa, na maduka kama Luckin, iliyoanzishwa 2017, yanaiuza kwa simu kwa bei ya mtu wa kawaida, imetiwa maziwa, barafu, hata nazi. (Mzee wa Pwani akiona kahawa ya nazi atasoma dua.) Sehemu ya kahawa ya vilimani sasa inaishia humu humu nchini, na yule mkulima ana mashine ndogo ya kukaangia.

Sisi tulianza mapema zaidi. Wahaya walikuwa wakitafuna kahawa kabla mmisionari yeyote hajafika, na Kilema, Kilimanjaro, mibuni ilipandwa 1898. Leo tunalima Kagera, Mbinga, Mbozi, na sehemu kubwa inapita mnadani na kupanda meli. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa Mtanzania ni mtu wa chai. Sikubali. Pita Majengo jioni: birika juu ya mkaa, kashata, mabao ya bao yamezungukwa. Kahawa inanyweka. Ila anayeinywa ni mwanamume, na kwa kawaida mtu mzima. Mama yangu ana zaidi ya miaka sitini na hajawahi kukaa kijiweni hata dakika moja, atakaaje? Kwake kahawa ni ile ya kopo anayotengewa mgeni, au ile ya hotelini yenye bei ya kilo ya nyama. Katikati hapo hakuna kitu, na ndipo ninapoona tumekosea. Wachina hawakumwambia mtu aache chai. Waliweka kahawa mahali ambapo msichana wa chuo anaweza kuinunua bila kutazamwa.

Sisemi Kunming ni peponi. Unaagiza kwa simu, unachukua kikombe chenye namba yako, unaondoka. Nimenunua duka moja miaka miwili na hakuna anayejua natoka wapi. Kijiweni kwetu, kwa kikombe kimoja cha shilingi mia utapata habari za Bunge, Simba na Yanga, na nani kafiwa. Hiyo nisingependa ibadilishwe na barafu.

Likizo iliyopita nilinunua kahawa ya Mbinga, nikaikaanga kwenye sufuria, nikaitwanga kwenye kinu cha mama. Alionja, akanyamaza, akaongeza sukari vijiko vitatu na tangawizi. "Mwanangu, majani ya chai yako yameungua." Lakini alimaliza, na kesho yake akaniuliza kama zile zilizoungua zimebaki.

Baba mdogo alikuwepo, akanisikiliza habari zote za Yunnan hadi mwisho, za mkulima, bei na maduka. Kisha akauliza moja tu: "Hao Wachina, divai yetu hawainywi?"