Siku wakwe walipokuja kuona baraza langu

Naandika hii mke wangu kanuna chumba cha pili, maana leo dada zake wameirusha tena ile picha kwenye grupu la familia. Picha ya baba yao kakaa kwenye gogo, kavaa suti yake ya krimu, kashika kopo la plastiki la bluu, na pembeni yake kuna mzee wa koti la mvua na kofia ya sufi anamnong'oneza sikioni. Ukiiona utasema hawa wamechunga ng'ombe pamoja. Wana dakika kumi tu tangu wajuane. Na kisa chenyewe kilianzia kwenye simu yangu.

Mi nafanya kazi Iringa mjini ila nyumbani ni Mufindi, ukifika Mafinga unaacha lami unaingia ndani kama saa nzima kwa Noah, hapo kama mvua haijanyesha, ikinyesha utafika siku utakayofika. Nyumba ya mama ni ya kawaida tu, tofali za kuchoma, bati, na mbele kibaraza cha saruji ambacho kuku wanakitumia kuliko watu. Haikuwa na shida yoyote. Ila mwishoni mwa mwaka jana wakwe wakasema mwezi wa pili wanakuja kuona binti yao alikoolewa, wanatoka Tukuyu, kule Mbeya, na baba mkwe ni mzee wa kanisa, mtu wa kupiga pasi hata shati la shambani. Basi usiku nikawa naperuzi picha za nyumba za mashambani za kule Marekani, ile staili wanaita rastiki, nikanasa.

Jamani zile picha. Ukuta wa mawe, baraza pana lenye nguzo za magogo na magome yake hayajabanduliwa, benchi ni gogo limepasuliwa katikati, chemli inaning'inia, gurudumu la mkokoteni limeegeshwa ukutani halina kazi yoyote, ndoo ya bati imetoboka imepandwa maua, na kibao cha mbao chenye maneno ya kukaribisha. Nikawa najiuliza, mbona hivi vyote kwetu vipo? Gurudumu liko nyuma ya choo toka mkokoteni ufe. Chemli ipo darini. Magogo ndo usiseme, msitu wa Sao Hill uko pale, mabanzi yamelundikana kila kiwanda cha mbao. Mzungu anatoa mahela kuununua uchakavu, sisi tunao wa kumwaga.

Nikamweleza Baba Mkubwa. Akanisikiliza vizuri, nilipofika kwenye paa la nyasi akanyanyua mkono. "Babu yenu alikaa kwenye tembe, paa la udongo, mvua ikizidi tunalala tumesimama. Baba yako akauza ng'ombe wawili kununua bati, watu wakawa wanakuja kulitazama. Sasa wewe umesoma, una mshahara, unataka kuturudisha kwenye nyasi?" Nikamwambia Baba Mkubwa, hii ni dizaini. Akasema "haya mwanangu," ile haya ya mtu mzima aliyeamua akuache ukajionee.

Fundi naye alinitesa. Anapima huku ananiuliza, "Kalenga kule watu wanaenda kuona fuvu la Mkwawa, lililorudishwa toka Ujerumani 1954. Hapa kwako wanakuja kuona nini?" Nikamwambia wewe jenga.

Mawe yalitoka vizuri, hilo nalisema wazi, na kama kuna kitu cha kuiga ni hicho. Yanaoshwa kwanza kwa brashi maana jiwe lenye udongo saruji haishiki, ukuta unalowanishwa, anaanza kona ndo anakuja katikati, na hayapandishi mpaka juu, anaishia usawa wa dirisha. Nyumba ikakaa kama imeota pale ardhini. Mama mwenyewe akawa anapitisha kiganja ukutani akidhani simuoni.

Ila baraza. Fundi alinionya mara tatu na nataka ieleweke nakubali alinionya. Kwanza alisema nyasi zinataka mwinuko mkali, digrii 45 kwenda juu, ili maji yateleze kabla hayajazama, mi kwenye picha nimeona paa limelala kwa madaha nikasema nataka hilo la madaha. Pili akasema tubandue magome maana chini yake ndo bungua, wale wadudu wa kula mbao, wanajenga ukoo. Nikakataa, gome ndo rastiki yenyewe. Tatu nikaleta dumu la oili chafu toka gereji kupaka mabenchi yasiliwe na mchwa, akasema hayo magogo ni mabichi na ni mwezi wa kwanza mvua kila siku, mti uliojaa maji hauwezi kunywa oili, itakaa juu juu tu. Nikapaka. Nikarudia mkono wa pili.

Sa ukuta ule wa mawe karibu na mlango ukawa mtupu, picha za Wazungu wanatundikaga majembe ya zamani na viatu vya farasi. Farasi sisi hatuna. Nikaingia ghala la marehemu babu nikakuta mbeta saba. Kwa msiotoka huku, mbeta ni pingili ya mwanzi unaiacha fundo chini, ndo tunayogemea ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, unakata ncha ya mwanzi mchanga unaitega chini yake, asubuhi na jioni mgema anapita kukusanya na kukata upya. Nyingine zinatumika kunywea. Nikazisugua, nikazipaka mafuta ya kula zing'ae, nikazitundika mlangoni kwa mstari toka kubwa mpaka ndogo. Halafu nikachukua banzi, nikaandika kwa nondo ya moto KARIBUNI WOTE, nikalipigilia juu ya ngazi kuelekea barabarani.

Hebu tulia hapo uangalie nilichokijenga. Paa la nyasi, magogo ya kukalia yamezunguka pande tatu, chemli, mbeta saba zimeoshwa, kibao, na ni Februari msimu wa ulanzi umekolea. Mi nimezaliwa pale, nimekulia pale, nimetumwa ulanzi na babu toka sijaota meno ya mbele. Na sikuona.

Jumamosi ndo siku ya ugeni, na ndo siku ya gulio. Nikaondoka alfajiri na Noah ya kukodi kwenda kuwasubiri stendi Mafinga. Ukungu ule wa Mufindi mnaujua, huoni hata kidole chako, nikamwambia mdogo wangu awashe chemli ili nyumba ionekane. Basi likachelewa sana, mpaka wakwe wanashuka imefika saa sita na nusu. Na mizigo usiseme, ndizi mikungu miwili, maparachichi gunia, na madumu mawili ya njano ya lita 20, maziwa ya ng'ombe wa baba mkwe mwenyewe, ameyachemsha usiku, hataki yawekwe chini ya kiti kama mzigo wa kawaida. Njia nzima anatusimulia yule ng'ombe.

Huku nyuma mambo yalishaharibika. Yaliyotokea nayajua kwa mdogo wangu. Anasema kama saa nne, ukungu bado, mzee wa kwanza katokea akifuata taa. Kamwene, kamwene. Akaziangalia mbeta, akasoma kibao, akakaa kwenye gogo, akatoa kopo lake la bluu kwenye koti.

"Umeshafika?"

Mdogo wangu akajua anauliza ugeni. Kijiji kizima si kinajua tuna ugeni. Akamjibu, "Bado, upo njiani. Saa nane utakuwa hapa."

"Unatoka wapi?"

"Tukuyu."

Mzee akashangaa. Ulanzi wa Tukuyu hajawahi kuusikia. Kila anayepita kutoka gulioni akawa anaambiwa na yule mzee, saa nane unafika wa Tukuyu, ingia usubiri. Watu wakaingia. Mdogo wangu anasema alifurahi sana kuona majirani walivyo na upendo, wamekuja kupokea wakwe zetu, akaongeza na viti vya ndani.

Saa nane kasoro tunapinda kona naona baraza langu limejaa, hakuna hata nafasi ya kuku. Mama mkwe akasema "eeh, mmetuandalia watu!" Mi nikaanza kuhesabu vichwa nakosa jibu. Mara sauti ikatoka kule, "UMEFIKA HUO!" Baraza zima likasimama, na vijana wanne wakakimbilia gari, hawakumsalimia mtu, wakaenda moja kwa moja mlango wa nyuma wakabeba yale madumu mawili. Mikungu ya ndizi hata hawakuitazama.

Baba mkwe ananiangalia, macho yamemlengalenga. "Mwanangu," akasema, "nyie watu mna heshima."

Wakampisha gogo la katikati, la heshima, lile nililolipaka oili mkono wa tatu maana lilikuwa na nyufa. Akakaa na suti yake ya krimu. Niliona, nikafungua mdomo, ila utamwambiaje baba mkwe inuka ulipokaa? Kule pembeni dumu limeshafunguliwa, vikopo vimenyooshwa, maana kila mtu alikuja na chake, na ulanzi nao ni mweupe hivyo hivyo. Mzee wa kofia ya sufi akawa wa kwanza kuonja. Akanyamaza. Akaonja tena.

"Haya ni maziwa," akasema.

Ukimya. Halafu mmoja aliyewahi kukaa Mbeya akawatoa wasiwasi, akasema tulieni, hao ndo utaratibu wao, mnaanza na maziwa kutandika tumbo, wenyewe unafuata. Watu wakaona kumbe ni ulanzi mkali. Wakanywa yale maziwa kwa nidhamu, mpaka tone la mwisho, mtu mmoja akauliza lita shilingi ngapi, baba mkwe akacheka akasema hii ni zawadi, kunyweni. Bure! Hapo ndo vijana wawili wakatumwa kuita wengine.

Ndo ikapigwa ile picha. Mzee kamjazia baba mkwe kopo lake la bluu, kamsogelea, kamnong'oneza: "Mzee wangu, na wenyewe je?"

Baba mkwe akajua anaulizia wenye nyumba. Akamjibu kwa upole, "Wenyewe wako ndani na mama, wanatoka sasa hivi."

Mzee akageuka kwa wenzake. "Upo ndani kwa mama. Unatoka sasa hivi."

Mlango ukafunguka, mama akatoka na kitenge chake kipya na birika kubwa la chai na sinia la mihogo. Sijawahi kuona watu arobaini wakikata tamaa kwa pamoja. Yule aliyewahi kukaa Mbeya alianza kukwepa macho ya wenzake.

Na mvua ikachagua muda huo. Dakika tano za kwanza nyasi zilivumilia nikaanza kujisifu moyoni, ya sita maji yakaanza kudondoka, kwanza tone tone, halafu michirizi, ya rangi ya chai, na mabuu ya bungua mawili matatu yameongozana humo. Watu wakasogea huku, maji yakawafuata. Mzee wa kofia akaangalia juu muda mrefu, maji yanampiga usoni. "Huyu kalilaza kama tembe halafu akaezeka nyasi," akasema. "Kila kimoja peke yake kinafaa." Baba Mkubwa alikuwa kwenye kona, chini ya bati, mkavu kabisa, na hakusema neno hata moja, na hicho ndo kiliniuma zaidi.

Nikasema wazee wote tuingieni ndani. Baba mkwe akainuka. Yaani akajaribu kuinuka, gogo likamng'ang'ania kidogo, kisha likamwachia na sauti ya kubandua plasta kidondani, na lilipomwachia lilimpa na gome lake. Akapita katikati ya watu kwa heshima zote kuelekea mlangoni, nyuma ana ramani nyeusi ya duara mbili na kipande cha gome la mlingoti, mkaratusi huo, kinaning'inia, na hakuna hata mmoja kwenye lile baraza, walevi, waumini, watoto, aliyecheka. Nimewaheshimu sana wanyalukolo, watu wetu wa Iringa, siku ile. Walicheka alipofunga mlango.

Mpaka anaondoka Jumatatu baba mkwe hakujua. Alishukuru kwa mapokezi, akakaa siku mbili na suruali ya Baba Mkubwa inayomwishia juu ya soksi. Alikuja kujua Jumatano, mdogo wangu alipoweka ile picha stetasi, ikasafiri yenyewe mpaka grupu la wazee wa kanisa kule Tukuyu, na mmoja wao aliwahi kufanya kazi Makambako, huku kwenye ulanzi, akakuza picha, akahesabu mbeta saba ukutani na kibao cha KARIBUNI WOTE juu ya kichwa cha mwenzao mwenye kopo mkononi. Aliitwa kikao. Anasema aliwaambia ni maziwa. Anasema walimjibu, "Tunaelewa, mzee mwenzetu."

Paa nimeng'oa, fundi kaezeka bati na amenitoza zaidi, nami nimelipa bila kupatana. Mbeta nimerudisha ghalani. Moja tu imebaki msumarini maana mzee wa kofia ya sufi alikuja wiki iliyofuata, akatundika kopo lake la bluu juu yake, akamwambia mama asilitoe, yeye hana haraka, ule wa Tukuyu ukifika amtumie mtoto.