Kisu na tumbo la Marta

Kila nikisoma habari za Marta María Pérez Bravo nakuta kaitwa mpigapicha wa kisurealisti, yaani wa ule mtindo wa sanaa ulioanzia Paris, wa picha kama za ndotoni, na kila nikikuta hivyo najikuta nabisha peke yangu kama kichaa.

Huyu mama kazaliwa Havana, Cuba, 1959, na tangu miaka ya 80 anapiga picha za mwili wake mwenyewe, nyeusi na nyeupe, mara nyingi uso huoni kabisa, unaona kiwiliwili tu na kitu kimoja kashika au kajifunga. Mtu wa Paris akiona hivyo atasema ndoto, sawa, hajakua na bibi yangu.

Angalia ile seti ya 1985 hadi 1986, Para concebir, yaani ya kushika mimba, ambayo kaifanya akiwa mjamzito kweli. Kuna moja tumbo liko wazi, limejaa, na kisu mkononi, halafu jina la picha ni usiue wala usione mnyama akiuawa. Huo ni mwiko wa mjamzito kwa Wacuba wenye asili ya Afrika, na yeye kaukanyaga mbele ya kamera huku mimba anayo! Sasa sisi tuliokua tunaambiwa mjamzito akila mayai mtoto atatoka kipara, ndoto iko wapi hapo?

Tena kuna Palo Monte, dini iliyoota Cuba kutoka kwa watumwa wa Kongo, humo anachota sana. Kile chungu chao chenye udongo, vijiti na mifupa wanakiita nganga. Nganga jamani! Kwetu mganga ni mtu, Kikongo hivyohivyo ni mtu, ila kule Cuba neno likahama likaingia mpaka kwenye chungu. Nilivyojua hilo niliiacha chai ikapoa.

Sisemi anarekodi matambiko, hapana, kila kitu anakipanga mwenyewe na hakuna mzee wa dini aliyemtuma, na hapo ndo naona ujasiri wake, maana mwiko wa watu wote anauleta unakuwa wake peke yake, kwenye ngozi yake.

Juzi nikamwonyesha mama hiyo ya kisu kwenye simu. Hakuuliza maana yake. Kakunja uso, kaitazama weee, kisha: "Huyu alijifungua salama?"

Nikamwambia ndio, mapacha.

"Na hicho kisu chote?" Akanirudishia simu yangu.