Chaja Iko Hewani, Gari Halichaji

Mwanzoni mwa 2022, watafiti huko California walipita kwenye vituo vya umma vya kuchajia magari ya umeme katika kaunti tisa za eneo la Ghuba ya San Francisco, wakachomeka gari kwenye plagi moja baada ya nyingine. Walijaribu plagi 657 za chaji ya haraka, zote za mfumo wa CCS (aina ya plagi ya chaji ya haraka inayotumika Marekani na Ulaya), na sharti lao lilikuwa dogo: umeme uingie kwenye gari kwa dakika mbili. Zilizotimiza sharti hilo zilikuwa asilimia 72.5. Asilimia 22.7 ziligoma: skrini imekufa, malipo hayapiti, mtandao haupo, plagi imevunjika, au chaji haianzi kabisa. Takriban asilimia 5 zilikuwa na kebo fupi isiyofika kwenye tundu la gari. Baadhi ya plagi zilijaribiwa tena baada ya siku nane hivi, na kwa jumla hali ilikuwa ile ile. Kipindi hicho hicho, kampuni zinazoendesha vituo zilikuwa zikitaja upatikanaji, yaani sehemu ya muda ambao chaja iko tayari kutumika, wa asilimia 95 hadi 98.

Mtu anaweza kuzisoma takwimu hizi akahitimisha kwamba kampuni zilidanganya. Sidhani, kwa sababu hesabu zote mbili zaweza kuwa za kweli. Chaja hutuma ishara kwa seva, yaani kompyuta kuu ya mwendeshaji, kila baada ya muda mfupi kusema iko hai, na hutaja hali yake: iko tayari, inachaji, au ina hitilafu. Mambo mengi yanayomkwamisha dereva hayabadilishi hali hiyo. Kibanio kinachoishikilia plagi kwenye gari kikivunjika, chaja haina kihisio cha kukiona. Skrini ikipauka kwa jua hadi isisomeke, kompyuta iliyo nyuma yake bado inafanya kazi. Kisomea kadi mara nyingi kina laini yake na seva yake, hivyo kinaweza kufa huku chaja yenyewe ikiendelea kusema iko tayari. Kwenye kompyuta ya mwendeshaji kila kitu ni kijani, na dereva aliye uwanjani hana chaji.

Zaidi ya hapo kuna mazungumzo kati ya gari na chaja, ambayo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Ukichomeka plagi ya CCS, kwanza ishara ya volti 12 hupita kwenye waya mwembamba wa mawasiliano kuthibitisha kwamba gari limeunganishwa. Kisha data huanza kupita juu ya waya huo huo: gari linataja volti na ampea linazotaka, chaja inataja inachoweza kutoa. Chaja hupandisha volti kupima kama kebo inavuja umeme, hushusha, halafu huzilinganisha na volti za betri. Hapo ndipo kontakta, yaani swichi kubwa za umeme, zinajifunga na umeme kuanza kupita. Hatua moja ikichelewa kidogo, upande mmoja hukata. Chaja hufuta kikao na kurudi kwenye "iko tayari". Dereva anaweza kujaribu mara tano na kushindwa mara tano, na rekodi ya siku ile ikaonyesha upatikanaji kamili.

Serikali zilipoingilia, zilianzia kwenye asilimia. Marekani, katika kanuni za Februari 2023 za vituo vinavyojengwa kwa mpango wa serikali kuu wa dola bilioni 5, iliagiza kila plagi ipatikane kwa zaidi ya asilimia 97 ya mwaka. Mwaka una dakika 525,600, kwa hiyo asilimia 3 ni kama siku 11 za kuruhusiwa kuwa mbovu. Fomula yenyewe pia inasamehe muda uliopotea kwa sababu ya umeme wa gridi kukatika, uharibifu wa makusudi, matengenezo yaliyopangwa, majanga ya asili na kasoro ya gari lenyewe. Uingereza ilikwenda juu zaidi: kanuni zilizoanza Novemba 2023 zinadai asilimia 99 kwa chaja za kilowati 50 na zaidi, pamoja na simu ya msaada ya bure saa 24, na faini inayoweza kufika pauni 10,000 kwa chaja. Lakini asilimia hiyo ni wastani wa mtandao mzima wa kampuni. Mwenye chaja 300 anaweza kuwa na tatu zilizokufa mwaka mzima na bado akawa ndani ya sheria. Ikiwa moja kati ya hizo tatu ndiyo pekee iliyopo kwenye mji mdogo, wastani huo haumsaidii dereva wa pale hata kidogo.

Waendeshaji wana hoja nzito, na si haki kuzipuuza. Wezi wanaokata kebo ili wauze shaba hawazuiliki kwa ratiba ya matengenezo. Umeme wa gridi si wao wanaouzalisha. Programu ya gari hubadilishwa na mtengenezaji usiku mmoja, na asubuhi chaja iliyokuwa ikielewana nalo haielewani tena. Kituo kinachouza uniti chache kwa siku hakilipi mshahara wa fundi wa kudumu. Ukiongeza faini juu ya hayo, mwekezaji ataweka chaja kwenye maduka makubwa ya mjini tu, aikwepe barabara ndefu yenye magari machache, na barabara ile ndiyo inayomhitaji zaidi. Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua kuliko yote, maana chaja mbovu inaweza kutengenezwa, ila isiyojengwa haina fundi.

Hata hivyo, sababu hizo zinajibu swali la nani alipe. Haziondoi adha ya dereva aliyebakiwa na chaji ya kilomita 12. Kwake, plagi iliyokatwa na mwizi na plagi iliyosahauliwa na mwendeshaji ni kitu kimoja. Kosa la kanuni hizi, kwa maoni yangu, ni kulazimisha namba moja ifanye kazi mbili. Kipimo cha kumbana mwendeshaji lazima kiwe na misamaha, la sivyo ni dhuluma. Kipimo cha kumwongoza dereva hakipaswi kuwa na msamaha hata mmoja: kati ya magari 100 yaliyochomekwa hapa mwezi huu, mangapi yaliondoka na chaji? Chaja tayari inarekodi kila mara plagi inapochomekwa na kila uniti inayopita. Kuhesabu majaribio yaliyofaulu ni kazi ya programu, haidai kifaa kipya. Kasoro yake ni kwamba aliyekata tamaa kabla ya kuchomeka, kwa kuona skrini nyeusi, haonekani kwenye hesabu. Kwa hiyo kipimo hiki kinahitaji mtu wa kufika uwanjani.

Ziara hiyo si jambo kubwa. Mkaguzi mwenye gari, au na kifaa kinachoiga gari, anamaliza plagi nne ndani ya saa moja. Anachomeka kila moja na kuiacha ipitishe umeme dakika mbili. Anaangalia pini kama zimebadilika rangi kwa joto, kwani pini iliyolegea hupata moto na chaja hujipunguzia nguvu kimya kimya. Anakagua kibanio, hasa kwenye plagi za CCS za Marekani, ambazo kibanio chake kiko kwenye plagi yenyewe na huvunjika ikiangushwa sakafuni. Zile za Ulaya hufungwa na pini iliyo upande wa gari na huvumilia zaidi. Anafungua filta za hewa na kuzisafisha. Hili hupuuzwa mno, na vumbi ndilo linaloua chaja polepole: feni hazipumui, moduli (vipande vya ndani vinavyogeuza umeme wa gridi kuwa wa betri) zinapata joto, nguvu inashuka. Chaja ya kilowati 150 inaweza kuwa na moduli tano za kilowati 30 zinazofanya kazi sambamba. Moja ikiungua, inabaki kilowati 120 na watu wengi hawatambui. Zikiungua tatu, unalipia "chaji ya haraka" ya kilowati 60.

Vipuri navyo viwe karibu. Kebo na plagi yake, moduli moja, kontakta, feni, filta, modemu ya kuunganisha chaja na mtandao na kisomea kadi vikiwa stoo ya mji huo huo, hitilafu nyingi humalizika ndani ya siku mbili. Vikisubiriwa kutoka kiwandani, chaja hukaa na karatasi ya "haifanyi kazi" kwa wiki.

Je, si bora fedha hizo ziongeze plagi badala ya kukagua zilizopo? Wanaosema hivyo wana hesabu upande wao. Tuseme plagi moja kati ya nne ni mbovu. Ukifika kwenye kituo chenye plagi moja, nafasi ya kukwama ni asilimia 25. Kwenye plagi mbili inashuka hadi asilimia 6 hivi, na kwenye nne ni moja kati ya 256. Kanuni ya Marekani ya kudai angalau plagi nne kwa kituo inaleta nafuu kubwa kuliko ile ya asilimia 97, ingawa haizungumziwi sana. Ila hesabu hiyo ina sharti: kila plagi iharibike kivyake. Plagi nne zinazotegemea transfoma moja, modemu moja na kisomea kadi kimoja huzimika pamoja. Kabla ya kununua chaja ya tano, ni afadhali kuweka laini mbili za simu za kampuni tofauti, na fyuzi tofauti kwa kila chaja.

Kuhusu malipo, Uingereza imelazimisha kadi ya benki ya kugusa kwenye chaja za haraka, na Umoja wa Ulaya umedai vivyo hivyo kwa chaja mpya za kilowati 50 na zaidi tangu Aprili 2024. Dereva amepumzika kulazimika kuwa na programu nane kwenye simu. Upande wa pili, kila kisomea kadi ni kifaa kingine cha kuharibika kwa mvua na jua. Suluhisho la kiufundi lipo na ni la bei ndogo: mtandao ukikatika, chaja iruhusu uniti 8 bila malipo kisha ijizime. Gari dogo linapata takriban kilomita 45, linafika kituo kingine. Nchini Kenya, ambako EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, ilitenga bei ya pekee ya umeme wa magari mwaka 2023, karibu Sh16 kwa uniti kabla ya kodi na tozo na nusu ya hapo kuanzia saa nne usiku, msaada huo kwa bei hiyo unamgharimu mwenye kituo kama Sh128 za umeme mchana, kabla ya kodi na tozo. Gari la kuvutwa ni ghali mara nyingi zaidi.

Afrika Mashariki ndiyo kwanza inajenga. EPRA ilitoa miongozo ya vituo vya kuchajia na kubadilishia betri mwaka 2023, na Rwanda mwaka 2021 iliamua kuvipa vituo bei ya umeme ya viwandani. Hapa kunakili fomula ya Marekani kutaleta matatizo mawili. La kwanza ni ule msamaha wa gridi. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kituo kinaweza kulala giza siku nyingi na bado kikatoa ripoti ya asilimia 99. Kudai kila kituo kiwe na betri ya akiba si sahihi pia, kwani gharama itaua vingi kabla havijaanza. Kinachowezekana ni betri ndogo ya kuendesha modemu na kompyuta peke yake, ili umeme ukikatika ramani ya dereva ionyeshe hivyo papo hapo, asifunge safari ya bure. Kinga dhidi ya umeme kuruka na waya wa ardhi uliopimwa viwe vya lazima, maana umeme unaporudi kwa kishindo ndipo moduli zinapoungua.

La pili ni plagi zenyewe. Nissan Leaf zilizotumika, zinazotoka Japani, zina tundu la CHAdeMO, mfumo wa Kijapani, kwa chaji ya haraka na Type 1 kwa chaji ya kawaida. Magari ya Ulaya yana CCS2 (CCS ya aina ya Ulaya) kwa chaji ya haraka na Type 2 kwa ya kawaida, na mengi ya yanayotoka China yana GB/T, mfumo wa Kichina. Kuchagua mfumo mmoja kunapunguza vipuri na mafunzo ya mafundi, na hatimaye ndiko tunakoelekea, lakini ukifanya hivyo leo unawaacha nje watu waliotangulia kununua. Kwa chaja za haraka, mashine yenye kebo mbili, CCS2 na moja ya hizo nyingine kulingana na magari ya mji husika, inastahili gharama kwa miaka michache ijayo. Kebo ziwe ndefu za kutosha, kwa sababu tundu la Leaf liko puani na la magari mengi liko ubavuni nyuma.

Kwa chaji ya kawaida ya maegesho ya ofisi, hoteli na soko, kebo ya kudumu haihitajiki. Iwekwe soketi tupu ya Type 2, kila dereva aje na kebo yake yenye kichwa kinacholingana na gari lake upande wa pili. Hakuna kebo ya kuibwa wala plagi ya kuangushwa, na magari ya aina zote tatu yanaweza kuchaji kwenye soketi ya aina moja. Kilowati 7 zinatosha. Leaf nyingi hazipokei zaidi ya kilowati 6.6 kwa njia hiyo hata ukizichomeka kwenye soketi ya kilowati 22, kwa hiyo kwa umeme ule ule wa jengo unaotosha soketi moja kubwa, afadhali ndogo tatu.