Acheni Kuwaambia Watu Wairuke Alien 3

Juzi Jumamosi nilipeleka flashi kwa kijana anayetuwekea muvi hapa mtaani, nikamwomba aniwekee Alien zote, zile filamu za kutisha za madude ya angani, kwa mpangilio, kuanzia ile ya 1979. Akaweka ya kwanza. Akaweka ya pili huku akiisifia, na ana haki ya kuisifia. Kisha akaruka moja kwa moja hadi ya nne. Nilipomuuliza ya tatu iko wapi akanijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayekukinga na balaa: "Hiyo sikuwekei, dada. Itakuharibia ya pili. Wote wanaoichukua wanarudi wamenuna."

Sikubishana naye, maana nyuma yangu kulikuwa na watu wanasubiri. Lakini nilirudi nalo nyumbani na limenikaa siku zote hizi. Si yeye peke yake. Zaidi ya miaka 30 sasa, kila mpenzi wa filamu hizi akimwelekeza mgeni humpa ushauri uleule: tazama ya kwanza, tazama ya pili, ishia hapo, fanya kama nyingine haikutengenezwa. Na sababu yao, ukiwasikiliza mpaka mwisho, ni moja tu. Newt.

Newt mnamkumbuka, yule mtoto wa filamu ya pili. Ripley, mwanamke shujaa wa filamu hizi, amelala angani miaka 57, anaamshwa, anarudishwa pamoja na wanajeshi kwenye ile ile sayari iliyommalizia wenzake. Wanakuta makazi yote yamenyamaza. Aliyesalia ni mtoto mmoja wa kike anayeishi ndani ya mifereji ya hewa, mchafu, hasemi, kakumbatia kichwa cha mwanasesere. Ripley anachukua kitambaa anamfuta uso taratibu, na uso wa mtoto unatokeza chini ya ule uchafu. Anamwahidi hatamwacha. Na mtoto anapochukuliwa na yale madude, Ripley anafunga silaha mbili pamoja kwa utepe, anaingia kwenye lifti peke yake, anashuka kumfuata wakati jengo zima limebakiza dakika za kuhesabu lilipuke. Anapanda naye kambeba ubavuni. Mwisho mtoto anamwita mama, wanalala kwenye vitanda vyao vya kioo kurudi nyumbani. Nimeiona zaidi ya mara kumi na ile lifti bado inanikausha koo.

James Cameron, mwongozaji wa ya pili, alituacha hapo mwaka 1986. Mei 1992 David Fincher akaja na Alien 3, filamu yake ya kwanza kabisa kuongoza, na majina ya waigizaji hayajamaliza kupita kwenye kioo, moto umewaka chomboni, kimeanguka kwenye sayari ya wafungwa, na Newt amezama maji ndani ya kitanda chake. Hicks, yule mwanajeshi aliyeokoka pamoja nao, naye ameuawa na chuma. Newt hapewi hata neno moja. Hapigi kelele, hakimbii, hafungui macho. Anakufa usingizini.

Mimi niliiona kwa mkanda wa video sebuleni kwa mjomba, Tanga, nikiwa bado msichana wa shule. Nililia kwa hasira. Sikutaka hata kuimaliza. Kwa hiyo hasira yenu naijua, nimeishi nayo miaka mingi, na hata Cameron mwenyewe amesema hadharani kwamba kuuawa kwa wale wawili hakukumpendeza. Siwaambii msikasirike.

Ninachowakatalia ni hoja mnayoitoa. Mnasema: sasa Ripley alihangaika nini? Ile lifti ilikuwa ya nini? Kama mtoto alikuwa anakwenda kufa tu, basi ya pili yote imekuwa kazi bure.

Kazi bure. Neno hilo ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka 2011 binti wa dada yangu alifariki. Alikuwa na miaka tisa. Jumapili jioni nilikuwa namsuka mistari, nimemaliza upande wa kulia, akasema kichwa kinamuuma na ana baridi. Nikamwambia basi, upande wa kushoto tutamalizia kesho ukitoka shule. Akapewa dawa ya homa, akalala. Nyumba nzima tulilala. Alfajiri dada alikwenda kumwamsha, hakuamka.

Shangazi na akina mama wawili ndio waliomuosha. Baadaye shangazi aliniambia kwamba walikaa kitako kwanza wakaifumua ile mistari yangu, mmoja mmoja, kwa sababu nilikuwa nimeikaza sana. Wakaosha nywele, wakamsuka mikia mitatu kama inavyotakiwa, wakailaza nyuma. Alinieleza kwa utulivu, kama anayenikabidhi kitu changu. Nami nilishika hilo la kufumua, nikakaa nalo miezi.

Sasa mtoto huyo alipokuwa na miaka minne aliwahi kuugua sana. Dada alilala naye hospitali siku kumi na saba, kwenye kiti, akimpepea kwa khanga, akimlazimisha uji kijiko kwa kijiko. Akapona. Tukampata miaka mitano zaidi. Nani kati yenu ataingia ndani kwa dada yangu, amkute mkekani, amwambie zile siku kumi na saba zilikuwa kazi bure?

Hakuna. Hakuna mwenye moyo huo. Lakini mkikaa mbele ya kioo mnamwambia Ripley.

Ripley hakushuka kule chini kwa sababu alipewa hati kwamba mtoto ataishi mpaka azeeke. Alishuka kwa sababu mtoto alikuwa hai, yuko peke yake, na alikuwa ameahidiwa. Alichokifanya usiku ule kimekwisha fanyika. Newt alilala akijua ana mama. Fincher hana uwezo wa kukifuta hicho, na wala hakukifuta. Aliyekifuta ni mtazamaji anayeamua kwamba mtoto ana thamani ikiwa tu atafika mwisho wa hadithi.

Na lile la kufa usingizini, ambalo mnaliita uvivu wa waandishi. Najua hadithi hutaka mtu afe akipambana, tupate cha kushika. Lakini kifo ninachokijua mimi kilikuja hivyohivyo: taa zimezimwa, kila mtu amelala, hakuna aliyeitwa. Nilipoiona tena Alien 3, usiku mmoja kwenye televisheni, kama miaka mitatu baada ya msiba, niliona kwa mara ya kwanza filamu ya kutisha iliyokijua kifo cha namna hiyo.

Tena haikukipita haraka. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Baada ya ule ufunguzi, Fincher anasimamisha kila kitu ili mtoto aombolezwe. Ripley anaamka na jambo la kwanza analolitaka ni kujua wenzake wako wapi, kisha anataka kumwona Newt. Anapelekwa chumba cha maiti. Anamgusa uso, anamwangalia, na huku anaomboleza huku anamkagua, kwa sababu lile dude hukulia kifuani mwa mtu kabla ya kutoka, na anahofia huenda limo ndani ya mtoto. Mapenzi na hofu viko kwenye vidole vilevile. Anamdanganya daktari kwamba ni kipindupindu ili mtoto apasuliwe ahakikishe. Daktari anapasua, na kamera inamrudia Ripley, ule uso unaotaka kugeuka na haugeuki. Hakuna kitu. Mtoto alikuwa msafi. Sijui filamu nyingine ya madude iliyothubutu kukaa na mama sehemu ile kwa muda ule.

Halafu mazishi. Wafungwa wamesimama kwenye vyuma juu ya tanuru la kuyeyushia madini ya risasi, wauaji na wabakaji, watu waliotupwa mwisho wa ulimwengu wasionekane. Mkuu wa gereza anasoma maneno ya kiofisi. Akitaka kumaliza, Dillon, yule mfungwa anayeigizwa na Charles S. Dutton, anaanza kusema bila kuombwa. Anauliza kwa nini wasio na hatia waadhibiwe. Hajibu. Anasema hakuna ahadi, hakuna la uhakika. Na wale wanaume wanamsikiliza wameinamisha vichwa kwa ajili ya mtoto wasiyemjua hata jina. Sisi tunajua hilo. Siku ya msiba wetu alikuja jirani ambaye hatukuwa tunasalimiana naye kwa kesi ya mpaka wa kiwanja. Alibeba jeneza mpaka makaburini, akarudi akakaa barazani mpaka usiku.

Kuna jambo moja wengi hawaliunganishi, kwa sababu tukio lenyewe lilikatwa kwenye Aliens, yaani ile ya pili, iliyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema na likarudishwa kwenye toleo refu. Ripley alikuwa na binti wa kumzaa, Amanda. Alimwahidi kurudi kabla hajatimiza miaka kumi na moja. Anapoamshwa anaambiwa binti amekufa akiwa na miaka 66, miaka miwili iliyotangulia, amekwisha chomwa na majivu yake yamehifadhiwa huko Wisconsin. Anapewa picha ya bibi kizee, ndiye mwanawe. Anaigusa ile picha kwa vidole. Mtoto wake wa kwanza hakumuuguza, hakumuona, hakumsindikiza. Wa pili alimuona, akamgusa, akasimama mpaka mwisho. Na mwishoni kabisa, akiwa amebeba malkia wa yale madude kifuani mwake, anajiachia chini kwenye lile lile tanuru. Anakwenda alikokwenda mtoto.

Mnasema filamu haimpendi Newt?

Mabaya yake nayajua, na nitayasema kwa kuwa ni kweli. Zile mbio za mwisho kwenye vichochoro zinachanganya. Wanaume wote wamenyolewa vipara na nusu yao huwezi kuwatofautisha mpaka wafe. Upigaji picha ulianza hati ya filamu haijakaa sawa, kampuni ikamwingilia Fincher mpaka akaikana kazi yake, na hata toleo refu lilipotolewa mwaka 2003 hakutaka kushiriki. Ukilipata toleo hilo litazame. Yule mfungwa Golic anaeleweka zaidi, na dude linatoka kwenye ng'ombe badala ya mbwa.

Na dude lenyewe, nakubali, halitishi kama la mwanzo. La mwaka 1979 alilivaa Bolaji Badejo, kijana wa Kinigeria aliyekuwa akisomea sanaa London, mrefu zaidi ya mita mbili, waliyemkuta kwenye baa. Ile miguu na mikono isiyokwisha ilikuwa ya mtu wa kweli, ndiyo maana likisimama polepole nyuma ya mtu mwili unasisimka. Kwenye ya tatu mara nyingi ni kikaragosi kilichopigwa picha pembeni kisha kikabandikwa, na inaonekana kimebandikwa. Badejo alifariki Nigeria Desemba ya mwaka uleule 1992, hajafika miaka 40. Jina lake lingestahili kujulikana Afrika nzima, na mpaka leo nikilitaja watu wananiuliza ndiye nani.

Lakini hayo yote ni ya ufundi, na kwa ufundi hakuna anayemzuia mwenzake kutazama filamu. Tunaizuia kwa sababu inatuumiza. Tunataka hadithi iishe pale kwenye vitanda vya kioo, mtoto kalala, mama kalala. Mimi pia nilitaka iishe Jumapili jioni, kichwa chake kwenye mapaja yangu, upande mmoja umesukwa.

Flashi nimeipeleka kwa mtu mwingine, amenipatia ya tatu. Nimeitazama Jumatano usiku, sauti nimeipunguza. Dada alikuwa jikoni anachambua mchele wa kesho. Filamu hizi hazijui na hazipendi. Akapita na ungo mkononi kwenda kutupa chuya, akakuta ni pale chumba cha maiti, Ripley anamgusa mtoto uso. Akasimama mlangoni.

"Huyo mtoto anaitwa nani?"

"Rebecca," nikamwambia. "Lakini wenyewe walimwita Newt."

Hakusema kitu. Alibaki amesimama na ungo wake mpaka Dillon akamaliza kusema na miili ikashushwa, kisha akarudi kwenye mchele.